Kopo tupu, vazi la taa

Taa yangu niliiunga mwenyewe: balbu ya LED ya volti 12, holda na waya. Iliwaka vizuri, ila ilikaa uchi mno kwa sebuleni. Nikaivisha kopo la maziwa ya unga.

Bandua karatasi ya nje, osha, kisha jaza maji, ukiacha vidole viwili chini ya ukingo. Lisimamishe kwenye friza hadi kesho yake. Msiruke hapa, jamani. Kopo langu la kwanza nililitoboa likiwa tupu. Kila pigo la nyundo lilibonyeza ubavu, nikabaki na bati lililokunjamana. Barafu hulishikilia kwa ndani.

Chora maua kwenye karatasi, lizungushie kopo, bana kwa selotepu. Lilaze juu ya taulo iliyokunjwa. Msumari mnene kwa petali, mwembamba kwa vikonyo. Gonga mara mbili, chomoa, sogea milimita 5. Matundu yakibanana bati hupasuka, na ua zima hugeuka dirisha.

Barafu ikiyeyuka, kitako kitakuwa kimetuna, kigonge kirudi. Kitoboe katikati pa kupitisha waya, na pembeni matundu machache ya kutolea joto. Ukingo wa bati ni wembe, kwa hiyo vika tundu la waya kipande cha mpira. Umeme wa ukutani sithubutu kuuingiza kwenye kopo la chuma bila waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Rangi ya kupulizia ni hiari. Mimi niliiacha bati tupu.