Kupima mche wa tope la baharini kabla haujabadilika

Kosa langu la kwanza katika kazi hii halikuhusu hesabu wala mashine. Nilipokea bomba la plastiki lenye urefu wa mita moja, limejaa tope kutoka sakafu ya bahari, nikalilaza mezani nikaenda kutafuta kalamu. Niliporudi, mwenzangu alikuwa amelisogeza ili apate nafasi ya kuweka mizani. Ncha zote mbili zilifanana, na hakuna aliyeweza kuapa ipi ilikuwa juu. Tulilipima, naam, lakini kila grafu tuliyochora ilisomeka mbele na nyuma. Tangu siku hiyo kalamu ya wino usiofutika huning'inia shingoni mwangu, na mshale wa kuelekea juu huchorwa bomba likiwa bado linachuruzika maji sitahani.

Mimi huuita mche, kwa kuwa tope likitoka kwenye bomba hufanana na mche wa sabuni. Tofauti ni kwamba huu huanza kubadilika pale unapong'oka chini. Maji hukauka, gesi hutoka, rangi hugeuka, joto hupanda. Kwa hiyo ukinitaka nikufundishe kupima mashapo, sitaanza na orodha ya vipimo. Nitakuuliza ni kipi kitapotea kwanza, kisha tutafuata foleni hiyo.

Kabla ya hapo, jua mche wako uliletwa na chombo gani. Bomba la uzito, ambalo hushushwa kwa winchi na kuzama topeni kwa uzito wake, huubana mche na mara nyingi hupoteza sentimita za juu kabisa. Bomba la pistoni, lililobuniwa na Msweidi Börje Kullenberg na kutumika katika safari ya meli Albatross ya 1947 hadi 1948, huwa na pistoni inayobaki usawa wa sakafu ya bahari huku bomba likishuka kuizunguka. Hivyo tope haligandamizwi, na mche wa mita nyingi hupatikana. Lakini kamba ya winchi ikirudi juu kwa nguvu, pistoni huvuta tope na kulirefusha. Ukitaka uso wenyewe wa sakafu, tumia chombo cha mabomba mafupi mengi yanayoshuka polepole. Maji yaliyo juu ya tope yakiwa maangavu, uso umefika salama. Yakiwa kama chai ya maziwa, umevurugika.

Mche mzima, bomba likiwa halijapasuliwa, hupita kwenye mashine ya vihisi. Miale ya gama kutoka chanzo cha seziamu-137, elementi yenye mnururisho, hupenya, na kadiri inavyopungua ndivyo densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo, ilivyo kubwa. Mawimbi ya sauti hupimwa kasi yake kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mwitikio wa sumaku hupanda ghafla kwenye tabaka la majivu ya volkano au udongo mwingi ulioletwa kutoka nchi kavu. Hapa wengi hukosea joto. Katika maji ya bahari ya kawaida sauti husafiri karibu mita 1,467 kwa sekunde kwenye nyuzi 4, na karibu mita 1,522 kwenye nyuzi 20. Tofauti hiyo ya mita 55 inatosha kukufanya udhani umegundua tabaka jipya, kumbe mche ulitoka kwenye friji asubuhi hiyo. Uache chumbani siku nzima kabla ya kupima, kisha andika joto lake. Na usishangae tope laini likipitisha sauti polepole kidogo kuliko maji ya bahari yenyewe. Chembe huongeza uzito bila kuongeza ugumu wa kutosha.

Sasa pasua. Nusu moja ni ya akiba: ifunge kwa plastiki nyembamba na uirudishe kwenye nyuzi 4. Usiigandishe, kwa sababu barafu hupanuka na kuvunja mpangilio wa chembe. Nusu nyingine ni ya kazi. Ikwangue kwa kipande cha kioo, ukivuta kwa upana wa mche, si kwa urefu, usije ukapaka tope la juu kwenye tabaka la chini. Piga picha na andika rangi papo hapo. Tope la kijivu-kijani lililokaa bila oksijeni huanza kugeuka kahawia mbele ya macho yako. Ukisikia harufu ya mayai viza, hiyo ni haidrojeni salfaidi: ni habari njema kwa daftari na mbaya kwa mapafu, basi fungua madirisha.

Kabla hujachota chochote, pima nguvu ya tope. Ninatumia kijiti chenye mapezi manne. Kizamishe hadi mapezi yafunikwe kabisa, kisha kizungushe taratibu kwa kasi isiyobadilika. Mshale wa kipimo chake hupanda, hufika kilele, hushuka; andika kilele. Ikiwa kimo cha mapezi ni mara mbili ya kipenyo chake, D, nguvu ya tope ni 6T ikigawanywa kwa 7πD³, T ikiwa ni msokoto wa juu kabisa. Halafu zungusha mara kadhaa kwa haraka ili uvuruge tope, upime tena. Uwiano wa namba hizo mbili hukuambia tope litalegea kiasi gani likitikiswa, na wanaolaza nyaya na mabomba chini ya bahari huliulizia hilo kabla ya yote. Ukikuta tabaka la mchanga, liruke. Maji hutoka kati ya punje huku ukizungusha, na namba utakayopata haina maana.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote, cha kujua tope lina maji kiasi gani, huhitaji bomba la sindano la plastiki, kopo, tanuri na mizani. Kata ncha ya bomba la sindano libaki wazi kama mrija. Weka mdomo wake juu ya tope, kisha sukuma bomba ndani huku fimbo yake ukiishikilia pale pale kwenye uso wa tope. Usiisukume wala usiivute. Ni ujanja ule ule wa Kullenberg, ila mkononi. Ukikosea, tope hubanwa na ujazo uliousoma hauwi wa kweli. Lihamishie kwenye kopo lenye kifuniko na ulipime uzito mara moja, kwani kila dakika ya porojo ni maji yanayopaa.

Kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, acha kopo lipoe ndani ya chombo kisichopitisha unyevu, pima tena. Tuseme tope bichi lilikuwa gramu 18.40 na kavu ni gramu 8.90. Maji yaliyopotea ni gramu 9.50. Wengi huishia hapo. Lakini yale yalikuwa maji ya bahari, na chumvi yake haikupaa. Imebaki koponi ikijifanya mashapo. Kwa chumvi ya gramu 35 katika kila kilo, gawa 9.50 kwa 0.965 upate gramu 9.85 za maji ya bahari. Chumvi basi ni gramu 0.35 na mashapo halisi ni gramu 8.55. Gawa maji kwa densiti yake, 1.024, na mashapo kwa densiti ya chembe. Ikiwa hukuipima kwa kifaa cha gesi ya heliamu, 2.70 hufaa kwa udongo wa kawaida, lakini si kwa tope la daiatomu, yaani mwani mdogo sana wenye ganda, ambalo chembe zake za silika ni nyepesi zaidi. Unapata sentimita za ujazo 9.61 na 3.17, jumla 12.78. Kwa hiyo nafasi kati ya chembe ni asilimia 75 ya tope lote, na densiti ya tope bichi ni 1.44. Ndiyo, robo tatu ya kile ulichokishika ni maji. Ukiisahau chumvi, porositi, yaani asilimia ile ya nafasi kati ya chembe, itateleza kwa asilimia moja tu, lakini uzito wa mashapo utazidi kwa asilimia 4, na kosa hilo litaingia katika kila hesabu ya kasi ya mashapo kutuama na kujilundika sakafuni.

Sasa linganisha jumla ile ya 12.78 na ujazo uliousoma kwenye bomba la sindano. Zikitofautiana sana, kulikuwa na gesi, uwazi wa hewa au mkono mzito. Mara nyingi ni mkono.

Saizi ya chembe huja mwisho, na haifanywi kwa tope lililokaushwa, kwa kuwa tanuri huugeuza udongo kuwa vigae. Chukua sampuli nyingine bichi. Ukitaka kujua unaelekea wapi, weka punje ndogo kati ya meno ya mbele: udongo wa mfinyanzi ni laini kama siagi, chembe kubwa kidogo hukwaruza. Tema baadaye, na usijaribu hili kwa tope la bandarini. Ondoa mabaki ya viumbe kwa haidrojeni peroksaidi, kidogo kidogo, kwani huumuka na kumwagika. Suuza chumvi mpaka iishe, maana chumvi hufanya chembe za udongo zishikane na kuzama kama mabonge. Ongeza sodiamu heksametafosfeti ili ziachane, kisha pitisha kwenye chekecho la maikroni 63. Kinachobaki juu ni mchanga. Kilichopita kiweke kwenye silinda ndefu, koroga, anza kuhesabu.

Hapa kinachofanya kazi ni kanuni ya Stokes: chembe ndogo mara kumi huzama polepole mara mia. Kwenye nyuzi 20, chembe ya maikroni 20 hushuka sentimita 10 kwa chini kidogo ya dakika 5. Ya maikroni 2 huhitaji karibu saa 7 na dakika 45. Koroga silinda yako saa mbili asubuhi. Mimi niliwahi kukoroga saa kumi jioni, na karibu usiku wa manane nilikuwa bado nimesimama na pipeti mkononi, nikiwakataza walinzi wasifunge mlango kwa kishindo.