Mzinga wa viunzi kwa anayeanza: pima viunzi kwanza, asali baadaye

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Sikonge, Tabora, mwalimu mstaafu, alinipigia simu akisema mzinga wake umejaa lakini haufunguki. Nikaenda jioni. Nilitia patasi chini ya kiunzi kimoja, yaani ufito wa mbao wa juu ya mzinga unaobeba sega, nikainua taratibu, vikanyanyuka vinne kwa mkupuo, na asali ikaanza kuchuruzika juu ya majana, watoto wa nyuki. Nikavirudisha haraka, tukakimbia.

Tulipofika mbali nikamuuliza, "Mwalimu, viunzi nani alikupimia?"

"Fundi. Kwani vina nini?"

Vina kila kitu. Kosa hilohilo la upana wa viunzi lilinikula mimi msimu mzima mwaka nilioanza, ndiyo maana naandika. Mengine yote kwenye ufugaji huu nyuki watakusamehe. Hili la viunzi hawasamehi.

1. Mahali

Mbali na nyumba, njia na mifugo. Mimi nahesabu hatua zisizopungua 300, nikiweza zaidi naongeza. Nyuki wetu si wapole kama wale wa kwenye video za Ulaya, na mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mzinga hana pa kukimbilia. Maji yawe karibu, kivuli kiwepo, upepo usipige mlangoni. Huku kwetu miombo iko tele, mitundu na miuba, kwa hiyo chakula si tatizo. Ukiwa Singida kwenye alizeti, hivyohivyo.

2. Sanduku

Mzinga huu ni sanduku refu lenye fito za mbao juu badala ya fremu, zile mbao za pembe nne zinazozunguka sega. Fito hizo ndizo viunzi. Nyuki hujenga sega likining'inia chini ya kila kiunzi, nawe unalitoa moja moja bila kubomoa nyumba yao. Kuna wa kuta zilizosimama wima, tunaouita wa Kitanzania, na wa kuta za mshazari, uliosanifiwa Kenya miaka ya 1970. Mimi ni mtu wa mshazari. Kwenye kuta za wima nimekuwa nikikuta masega yamegandishwa ukutani mara nyingi zaidi, na nimechoka kuyakata. Wapo wanaonibishia, na mizinga yao inajaa vizuri tu.

Urefu wa ndani sentimita 90. Mbao kavu, isiyopakwa dawa wala rangi kwa ndani. Usitumie mninga: ni mali, na mzinga wake unaubeba watu wawili. Matundu ya kuingilia sita au manane, ya kipenyo cha sentimita moja hivi. Paa la bati, na chini ya bati tandika nyasi, la sivyo Oktoba nta inalainika na sega linadondoka.

Usianze na mizinga ya fremu hata kama mtu anakupa kwa mkopo. Ni ghali, inataka mashine ya kukamulia, na fundi akikosea fremu unarudi kwenye shida hii hii kwa bei kubwa zaidi. Ya magome ndiyo usiiguse kabisa: kila mzinga mmoja ni mti mmoja uliochunwa ukafa.

3. Viunzi

Upana wa kiunzi ni milimita 32. Si 30, si 35, si "kama vidole viwili."

Sababu ni hii. Nyuki wetu, wawe na sanduku au tundu la mti, hujenga masega ambayo kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine ni kama milimita 32. Hapo ndani kuna unene wa sega lenye majana pamoja na njia ya nyuki kupita mgongo kwa mgongo. Wao wanafuata kipimo chao, hawasomi mbao zako. Ukiwapa kiunzi cha 32, kila sega linaangukia katikati ya kiunzi chake.

Fundi wangu wa kwanza alinikatia vya milimita 38. Alifurahi kabisa: "Nimekuokolea mbao, vimetosha 23 badala ya 28." Sasa fanya hesabu. Sega la kwanza limekaa sawa. La pili limetoka katikati kwa milimita 6. La tatu 12. Likifika la sita umepotea milimita 30, yaani karibu sega zima. Kabla ya kufika hapo nyuki wameshaamua: wanapinda, wanavuka kwenda kiunzi cha jirani, wanafunga vitatu vinne pamoja. Kwa juu unaona mzinga mzuri. Kwa chini ni kama mizizi ya mgomba.

Tahadhari ambazo mimi nilizijua kwa kuumia:

Video nyingi za mtandaoni zinasema 35. Ni sahihi kwa nyuki wa kule, ambao ni wakubwa kuliko wetu. Fundi akikuonyesha simu, mwambie asante, kata 32.

Mbao mbichi husinyaa. Ukikata 32 leo kwenye mbao iliyotoka kupasuliwa, baada ya miezi miwili una 31, na kwa viunzi 28 umepata ufa wa karibu sentimita tatu ambao nyuki watautokea kichwani kwako kila ukifungua. Anika kwanza, kata baadaye.

Usipime kiunzi kimoja kimoja. Rula ya fundi ina kutu, jicho lake linawahi sokoni. Panga viunzi 10 mezani, vibane kwa mikono. Vinatakiwa kufika sentimita 32 kamili. Vikifika 33, rudisha vyote. Viunzi 28 vinakupa sentimita 89.6, na ule upenyo mdogo unaobaki ziba kwa kibanzi upande wa mwisho, si katikati.

Vigusane, visiache mwanya. Hili ndilo linalofanya mzinga huu umfae mtu mwoga: ukitoa kiunzi kimoja, nyuki wanaona mwanga pale tu ulipotoa, kwingine kote bado kumefunikwa.

Na kila ukikagua, kwangua gundi ya nyuki kwenye kingo za viunzi. Ukiiacha ikakauka, nusu milimita kwa kila kiunzi, kufikia mwaka wa pili 32 yako imekuwa kitu kingine na utamlaumu fundi bure.

4. Nta ya kuwaongoza

Kiunzi cha kipimo sahihi lakini tambarare chini bado kitakuangusha. Mwambie fundi achonge upande wa chini uwe na ncha katikati, kama paa la nyumba lililogeuzwa. Nyuki wanapenda kuanzia kwenye ncha.

Halafu nta. Yeyusha sufuria ndani ya sufuria yenye maji, kamwe si motoni moja kwa moja, nta hushika moto kama petroli. Paka kwenye ncha TU, mstari mwembamba, kwa kijiti kilichotafunwa kikawa brashi. Nimeona watu wanapaka kiunzi kizima chini, kinang'aa kama kimepigwa vanishi. Hapo umewaambia nyuki waanzie popote, nao wataanzia popote.

5. Kutundika

Waya mbili, miti miwili, urefu wa kifua. Paka grisi kwenye waya, sungusungu wasipite. Nyegere anasumbuliwa na mzinga unaobembea, kwa hiyo usiufunge kwa nguvu.

Kitu kimoja: mzinga ulale sawa. Nyuki hujenga kwa kufuata mvutano wa dunia, sega linashuka wima hata kama sanduku limeinama, na likishuka wima ndani ya sanduku lililoinama linagusa ukuta. Huhitaji pima maji. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze nusu, ilaze juu ya viunzi kwa urefu kisha kwa upana, angalia maji yamekaaje.

6. Kusubiri

Paka nta kidogo mlangoni, sugua majani ya mchaichai ndani, ondoka. Wengine wanapata kundi wiki moja, mimi mzinga wangu wa tatu ulikaa miezi saba na mjusi. Toa utando wa buibui mara moja moja. Waulize wazee wenye mizinga ya magogo makundi ya nyuki hupita lini kwenu, utundike kabla ya hapo.

7. Ukaguzi wa kwanza, usiuruke

Vitabu vingine vinasema waache nyuki wazoee mwezi mzima. Mimi naingia siku ya kumi. Kama sega limeanza kupinda, siku ya kumi lina ukubwa wa kiganja, na unaweza kulirekebisha. Mwezi ukipita huwezi.

Nenda jua likizama, na mwenzako, wote mmevaa. Usile ndizi kabla ya kwenda, harufu ya hatari ya nyuki inafanana nayo. Bomba la moshi litiwe magunzi au mavi makavu ya ng'ombe. Pumzi tatu mlangoni, subiri dakika mbili. Gonga viunzi kwa kidole kuanzia upande usio na nyuki: kinachotoa sauti tupu hakina kitu, kinachotoa sauti ya kushiba kina sega. Anza kutoa vitupu ili upate nafasi.

Sega likitoka, lishike wima. Usililaze kama trei ya chai ulione vizuri. Halina fremu, nta mpya ni laini, litakatika na utabaki na kiunzi mkononi na nyuki elfu kadhaa miguuni. Ukitaka kuona upande wa pili, zungusha kiunzi kama usukani, sega liende juu.

Likiwa limepinda, kata kile kipande kilichovuka, kisogeze kwenye ncha ya kiunzi chake, kifunge kwa utambaa mwembamba wa kanga kuukuu. Ndani ya siku chache wataligandisha, na utambaa wenyewe watautafuna wautupe nje. Kisha chukua kiunzi kitupu ukiweke katikati ya masega mawili yaliyonyooka. Wakiwa wamebanwa pande zote mbili hawana pa kupindia.

Ukidungwa, toa mwiba mara moja, kwa ukucha au kwa vidole, ukichelewa sumu inazidi kuingia. Ukipumua kwa shida au ukivimba midomo, mzinga uache wazi, nenda hospitali.

8. Kuvuna

Huku kwetu msimu mkubwa ni kuanzia Mei hadi Julai. Vuna masega ya pembeni yaliyofunikwa nta nyeupe, yenye majana acha, na masega ya asali ya akiba yaliyo jirani nayo acha pia. Usivune mvua ikinyesha, asali inanyonya maji na itachacha. Ndoo ya chakula yenye kifuniko, si ndoo ya rangi iliyooshwa.

Unapokata sega, bakisha sentimita moja kwenye kiunzi. Huo ndio mwongozo wao wa msimu ujao, na ni mzuri kuliko nta yoyote utakayopaka wewe.

Kuhusu Mwalimu, ilituchukua jioni mbili. Tulikata masega vipande, yenye majana tukayafunga kwa kanga kwenye viunzi vipya, ya asali iliyopasuka yakaishia kwenye ndoo na chai yake. Kundi halikuhama, ingawa wiki nzima nilikuwa nikipita kutazama mlango. Viunzi vipya alivipima mwenyewe kabla havijaingia, kumikumi, juu ya meza aliyokuwa akisahihishia mitihani. Vitatu akavitia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, akamrudishia fundi.