Kiti cha urithi kinacheza? Kifungue kwanza, usikipige msumari

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea kiti cha mbao ambacho bibi yake naye alikirithi kwa mama yake. Ukikikalia kinacheza, na mguu mmoja ulishapigwa misumari miwili. Tulikitengeneza pamoja kwa siku tatu. Naandika hapa tulivyofanya, maana viti vya namna hii mara nyingi huharibiwa na wenyewe, tena kwa nia njema.

1. Weka alama. Piga picha pande zote. Bandika utepe wa karatasi kwenye kila kiungo na uandike namba pande zote mbili. Viungo vilivyochongwa kwa mkono havifanani hata kidogo.

2. Ng'oa misumari. Tanguliza kibao chembamba chini ya koleo ili mbao isibonyee.

3. Fungua viungo. Hapa usiwe na haraka. Miaka ya nyuma, kiti cha kwanza kabisa nilichokishika kilinimalizia siku nzima. Niligonga kiungo kimoja mpaka ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mwenzake, ukapasuka ndani ya tundu, kumbe kulikuwa na msumari mdogo usio na kichwa, umezibwa kwa nta. Tangu siku hiyo sigongi chochote kabla ya kupitisha sumaku kuzunguka kila kiungo. Ikivutwa, tafuta msumari kwanza.

Kisha jua ni gundi gani. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya wanyama, inayochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa. Dondoshea tone la maji ya moto pale gundi ilipochuruzika: ikianza kunata baada ya dakika chache, ndiyo hiyo. Ikigeuka nyeupe na kuvutika kama mpira, mtu ameshapita hapo na gundi nyeupe ya kisasa.

Gundi ya wanyama huachia kwa njia mbili. Maji ya moto huilainisha. Spiriti huikausha hadi ikawa kama kioo, ikapasuka kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira. Mimi napendelea spiriti kwa sababu haivimbishi mbao. Lakini angalia: samani nyingi za kale zimepakwa shelaki, aina ya vanishi ya asili, na spiriti huiyeyusha papo hapo. Tone moja likitoka nje limeacha doa. Maji nayo yanaweza kuacha ukungu mweupe. Kwa hiyo tumia bomba la sindano nyembamba, ingiza kidogo kidogo kwenye ufa wenyewe, na shika kitambaa mkono wa pili. Subiri dakika kumi, gonga, rudia. Gundi nyeupe hulainika kwa siki ya moto, ila itakuchosha. Ule mguu wenye misumari ulitumaliza mchana mzima.

4. Safisha. Kwangua kwa kisu butu na maji ya uvuguvugu. Usipige ulimi msasa, utapungua na hautabana tena. Mabaki membamba ya gundi ya wanyama hayadhuru, kwani gundi mpya ya aina hiyo huyalainisha na kushikana nayo. Gundi nyeupe lazima itoke yote.

5. Gundisha. Rudisha gundi ya wanyama. Loweka chembe zake kwenye maji baridi mpaka zivimbe, kisha pasha chombo ndani ya maji ya moto, karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Ikichemka inapoteza nguvu. Gundi nyeupe siitii kwenye kitu cha urithi: fundi atakayekuja baada yangu naye atahitaji kufungua.

6. Kaza. Zungushia kamba, pitisha kijiti, sokota. Kwa kiti chenye mapindo kamba inashinda klampu (kibano cha skrubu). Kisimamishe kwenye sakafu tambarare, hakikisha miguu yote minne imegusa, ukiache siku nzima.

Mpwa wangu alitaka tukipige msasa kote kiwe kipya. Nilimkatalia: rangi ile imejengwa na mikono ya watu wa kwao. Tulikifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, tukapaka nta ya nyuki nyembamba, tukasugua.