Jinsi ya kuchagua na kufunga skeitibodi ya uwanja wa Kitintale, Kampala

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu na skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne, aliyoifunga mwenyewe, uso umemshuka. "Mjomba, nikiegemea kulia inanipeleka kushoto." Nilijua tatizo kabla sijaigusa, maana mimi mwenyewe lilinila mchana mzima nilipofunga ya kwanza.

1. Ubao. Chukua wa mbao za mepo (maple), matabaka 7. Upana wa inchi 8 hadi 8.25 unawafaa wengi. Mtoto mdogo apewe wa 7.5. Zile za duka la vitu vya watoto, zenye traki (vile vishikio vya magurudumu chini ya ubao) za plastiki, ziache hapo hapo. Haziwezi rampu, na anayeumia ni mtoto.

2. Magurudumu. Milimita 52 hadi 54, ugumu wa 99A (namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi). Utaambiwa ununue laini za 78A kwa sababu ya barabara zetu. Ni kweli zinameza kokoto, lakini uwanjani hazitelezi unapotaka ziteleze. Vijana walioumwagia zege uwanja ule kwa mikono yao mwaka 2006 walikuwa wanatengeneza mahali pa kuchezea, basi nunua magurudumu ya kuchezea, na Port Bell Road ubebe ubao mkononi.

3. Msasa, ule wa juu ya ubao unaozuia miguu isiteleze. Bandika kuanzia katikati, sugua kingo kwa tupa mpaka mstari mweupe uonekane, kata kwa wembe. Toboa matundu 8 kwa bisibisi kutoka chini.

4. Traki. Hapa tulia. Ekseli iwe na upana ulio karibu sana na wa ubao. Sasa tazama traki yenyewe: ina bolti moja nene katikati, yenye bushi mbili za mpira. Hiyo ndiyo kingpini. Nati za kingpini za traki zote mbili lazima zitazamane, yaani zielekee katikati ya ubao. Ukizigeuza zote zikaelekea nje, ubao unakata kona kinyume na unavyoegemea. Ndiyo yaliyomkuta mpwa wangu. Ukigeuza moja tu, haukati kona kabisa, unakwenda mshazari kama kaa. Mimi siku ile nililaumu bushi, nikazibadilisha, nikalaumu ubao, nikakaza kingpini mpaka mpira ukavimba pembeni. Kumbe ilitakiwa kufungua bolti 8 na kugeuza traki. Kwa hiyo kabla ya kukaza chochote, weka traki juu ya ubao bila bolti, zitazame, kisha mwite mtu mwingine azitazame.

Zikishakaa sawa, ingiza bolti zote kwa vidole, halafu kaza kwa mshazari: hii, kisha ya pembe iliyo mkabala nayo. Ukimaliza pembe moja kabla ya nyingine, traki inakaa upande.

Jambo la spana nalo linasumbua, kwa kuwa nati hizi ni za inchi na spana nyingi za mafundi wetu ni za milimita. Nati ya gurudumu ni inchi 1/2, spana ya 13 inaingia. Za bolti ndogo zinazoshika traki ni 3/8. Ya 10 inafaa ukienda polepole. Ya kingpini ni 9/16, na hapo usibahatishe: ya 15 inacheza na kula kona za nati. Tafuta ya inchi.

5. Beringi. Mbili kila gurudumu, aina ya 608. Usizigonge kwa nyundo. Ziweke kwenye ekseli ya traki, kandamiza gurudumu juu yake kwa uzito wako. Weka washa (kile kiduara chembamba cha chuma) moja kila upande wa gurudumu, usizipoteze. Kaza nati, kisha ilegeze kidogo mpaka gurudumu lizunguke lenyewe.

Vumbi jekundu likiingia, fungua beringi, osha kwa petroli nje ya nyumba, mbali na moto, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani. Maji kamwe.

6. Baada ya saa moja uwanjani, kaza bolti zote 8 tena.