Pima unene wa unywele kwa kalamu ya leza

Unywele wa mtu kwa kawaida una unene wa mikromita 50 hadi 100 (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Rula haifiki huko, na maikromita ya skrubu, kifaa cha kupimia unene, huubana unywele unapoikaza, ukaishia kusoma unene wa kitu kilichobonyea. Mwanga wa leza haubani kitu. Ukiuelekeza kwenye unywele, ukutani hutokea msururu wa mabaka ya mwanga yanayotenganishwa na giza, na mabaka hayo ni mapana kiasi cha kupimika kwa rula ya shuleni. Ninasimamia maabara ya fizikia, na hili ndilo jaribio la kwanza ninalowapa wanafunzi wa uhandisi kabla hawajagusa leza kubwa. Nalipenda kwa sababu kila hatua yake inaonekana kwa macho, na anayelielewa vizuri tayari ameelewa nusu ya kazi za leza viwandani na kwenye utafiti.

Tuanze na macho, na hapa sibembelezi mtu. Tafuta kalamu ya leza nyekundu ya daraja la 2, yaani isiyozidi miliwati 1, na usome lebo yake kabla ya kuiwasha. Leza ya kijani iache, hasa ile isiyo na lebo ya kuaminika. Mwanga wake wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), hutengenezwa ndani ya kalamu kutokana na mwanga usioonekana wa nanomita 1064, na kama kichujio ni kibovu au hakipo, ule usioonekana hutoka pamoja na wa kijani. Jicho halifumbi kwa mwanga lisiouona, lakini retina, utando wa ndani nyuma ya jicho, inaungua vilevile. Vua saa na pete, kwa maana chuma kinachong'aa hurusha mwale usikotarajia. Panga meza ili mwale usipite kwenye kimo cha macho ya mtu aliyeketi, na uishie kwenye ukuta usiong'aa.

Sasa kazi yenyewe. Kata kipande cha kadibodi, toboa katikati tundu la ukubwa wa kidole, kisha nyoosha unywele mmoja kupita katikati ya tundu na uushike kwa selotepu juu na chini. Uwe umekaza. Unywele uliolegea hutikisika kwa pumzi yako tu, na picha ukutani itacheza. Simamisha kadibodi kwa kibanio au itegemeze kwenye vitabu. Kalamu ya leza nayo ilaze juu ya kitu kizito na uifunge isisogee. Kitufe kibonyezwe na kibanio cha nguo, kwa sababu mkono wa mtu hautulii hata akijitahidi vipi. Kadibodi ikae sentimita kumi hivi mbele ya leza, na ukuta uwe mita 3 kutoka kwenye unywele. Umbali huu upime kwa tepu, kuanzia kwenye unywele wenyewe, si kwenye leza.

Zima taa za chumba. Sogeza kadibodi polepole kushoto na kulia hadi mwale uguse unywele. Utajua umeupata: doa moja jekundu litafunguka ghafla kuwa mstari mrefu wa mabaka, la katikati likiwa pana na kali kuliko mengine, na mengine yakififia kadiri yanavyokwenda mbali. Wengi hushangaa kwamba unywele uliosimama wima huchora mstari uliolala. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwanga husambaa kuvuka unywele, haufuati urefu wake.

Bandika karatasi nyeupe juu ya picha hiyo. Kwa penseli kali, weka alama katikati ya kila sehemu ya giza. Alama usiziweke kwenye mwanga. Sehemu angavu kilele chake ni kipana na jicho hukikisia, ilhali giza lina katikati inayojitokeza vizuri. Kisha pima kutoka giza la tatu upande wa kushoto hadi giza la tatu upande wa kulia. Kati ya alama hizo mbili kuna nafasi 6 zilizo sawa, kwa sababu baka la katikati lina upana wa nafasi mbili. Ukipima hivi huhitaji kujua kitovu kamili kiko wapi, na kosa dogo la mkono linagawanywa kwa sita.

Hesabu yake ni hii: zidisha 6 kwa urefu wa wimbi la mwanga, zidisha kwa umbali wa ukuta, kisha gawanya kwa umbali kati ya alama zako mbili. Tuseme leza yako ni ya nanomita 650, ukuta uko mita 3, na alama zimeachana milimita 167. Jibu ni mikromita 70.

Kwa nini inafanya kazi? Mwanga ni mawimbi. Yale yanayopita ukingoni mwa unywele hupinda na kusambaa nyuma yake, kisha hukutana na mengine ukutani. Kilele kikikutana na kilele, ukuta unang'aa. Kilele kikikutana na bonde, mawimbi yanafutana. Kadiri kizuizi kinavyokuwa chembamba ndivyo mwanga unavyotawanyika zaidi, na kwa hiyo nafasi kubwa ukutani maana yake ni unywele mwembamba. Mfaransa Jacques Babinet alionyesha katika karne ya 19 kwamba kizuizi na mwanya vyenye upana ule ule huchora picha ile ile, isipokuwa pale katikati. Ndiyo maana fomula ya mwanya mwembamba, ile ya hesabu yetu hapo juu, tunaitumia kwa unywele bila wasiwasi.

Usikubali jibu lako kabla ya kuuliza linaweza kupotoka kwa kiasi gani. Ukikosea milimita 2 kwenye zile 167, umepotoka kwa asilimia 1.2. Ukikosea sentimita moja kwenye mita 3, ni theluthi moja tu ya asilimia. Kilichobaki ni urefu wa wimbi, na hapo kalamu ya leza haiaminiki sana: lebo huandika namba ya karibu, na rangi ya leza ya diodi husogea kidogo joto likipanda. Kama maabara yako ina leza ya heliamu na neoni, itumie hiyo. Urefu wa wimbi lake, nanomita 632.8, unaamuliwa na atomu za neoni zenyewe, na atomu hizo hazibadiliki kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Lakini mwale wa leza hizo mara nyingi unazidi miliwati 1, kwa hiyo awepo msimamizi.

Mhandisi huitumia njia hii kila anapohitaji kupima kitu chembamba kisichoweza kuguswa. Uzi wa kioo unaobeba intaneti una kipenyo cha nje cha mikromita 125, na hupimwa kwa leza ukiwa bado unavutwa kutoka kwenye tanuru. Ukianza kunenepa, mashine huuvuta kwa kasi zaidi. Ukikonda, hupunguza mwendo. Hakuna kalipa inayoweza kugusa kioo cha moto kinachokimbia bila kukikwaruza. Saruji na unga wa dawa hupimwa kwa njia iliyo jirani: punje zikipita kwenye mwale, huchora duara badala ya mistari, na ukubwa wa punje husomwa kutoka kwenye duara hizo.

Kwa wanafizikia, kufutana kwa mawimbi kumefika mbali zaidi. Vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, Hanford na Livingston, vilivyojengwa kunasa mawimbi ya uvutano, hugawa mwale wa nanomita 1064 katika mikono miwili ya kilomita 4 kila mmoja, kisha huirudisha miale ikutane. Urefu wa mkono ukibadilika kidogo sana, mwanga wa makutano hubadilika. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo hivyo vilinasa wimbi la uvutano kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana, likiwa limebadilisha urefu wa mikono hiyo kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya mia ya upana wa protoni.

Ukimaliza unywele mkavu, usibomoe vifaa. Lowanisha unywele ule ule kwa maji kwa dakika kadhaa, futa matone yote, urudishe mahali pake na upime tena kabla haujakauka. Unywele uliolowa hunenepa, kwa hiyo alama zako za tatu zinapaswa kusogeleana. Tumia penseli ya rangi nyingine kwenye karatasi ile ile ili tofauti ionekane.