Malenge yanatoa maua halafu yanaoza? Angalia nyuki kwanza kabla ununue dawa

Kabla ukimbie agroveti juu malenge yako yanaangusha maua, ngoja kidogo. Mimi nilikimbia. Nilikuwa na mashimo kumi na mawili hapa nyuma ya nyumba, upande huu wa Khayega, Kakamega, samadi debe mbili kila shimo, mvua ikanyesha vizuri, majani yakawa makubwa kama mwavuli na maua ya njano kila mahali, halafu kila kalenge kakifika saizi ya ndimu kanageuka njano, kanalegea, kanaoza. Nikauziwa dawa ya ukungu, nikapiga, yakaoza. Nikauziwa busta, ile mbolea ya kupuliza kwa majani, nikapiga, yakaoza tena ila sasa majani yalikuwa kijani ya kupendeza. Karibu elfu mbili zimeenda na malenge ya kupika hakuna.

Ni jirani, mama mmoja wa makamo ambaye hajawahi kununua busta maishani mwake, aliniuliza kwa fensi, "Kwani nyuki unawaona hapo kwako?" Nikafikiria, nikaona kweli, sijasikia ile mvumo asubuhi miaka kadhaa na sikuwahi hata kugundua.

Sasa fanya hivi, ni bure. Amka mapema, ikifika saa kumi na mbili na nusu uwe shambani, juu ua la malenge linafunguka alfajiri na kufika saa nne ama saa tano hivi limejifunga na halifunguki tena, umechelewa ni basi. Tafuta ua la kiume, lile limesimama kwa kijiti kirefu chembamba bila tumbo. La kike lina katumbo ka malenge chini yake, hauwezi kosea. Chuma la kiume, rarua petali zake ubaki na ile sehemu ya katikati yenye unga wa njano, ingia nayo ndani ya la kike upake vizuri, usione haya. Fanya kwa maua manne matano, ufunge uzi kila moja ndio usisahau, halafu mengine uyaache vile yalivyo. Baada ya wiki moja linganisha. Yenye uzi yakiendelea kunenepa na yale mengine yakioza, shida yako si ukungu wala mbolea, ni kwamba hakuna mtu wa kubeba unga kutoka kwa bwana kupeleka kwa bibi. Yangu manne kati ya matano yalishika.

Unaweza kuendelea hivyo kila asubuhi ukitaka, kuna watu ndio maisha yao. Kule Hanyuan, mkoa wa Sichuan huko Uchina, wakulima wa mapea hupanda juu ya miti na vijiti vya manyoya wakipaka ua moja moja kwa mkono. Mimi na malenge kumi na mawili ninaweza, lakini mwenye maparachichi mia atapanda mti gani aache gani.

Wengi hapa ukiwaambia nyuki wamepungua wanakuambia ni ugonjwa, ama ni netiweki ya simu. Ugonjwa upo, yule mdudu mwekundu anaitwa varroa alithibitishwa hapa Kenya mwaka 2009, lakini nyuki wetu wa Afrika wamemvumilia kuliko wale wa Ulaya na Marekani, kwa hivyo hadithi ya Wamarekani ya 2006 ya kuamka wakute mizinga imebaki tupu tusiifanye yetu moja kwa moja. Ukiangalia hapa kwetu utaona vitu vya kawaida kabisa: robo eka imegawanywa mara tatu, fensi ya miti imetolewa ikawekwa waya, akech, yale maua ya mwituni, zote za barabarani zimefyekwa, kwingine ni miwa kutoka huku mpaka kule na miwa haina kitu ya kumpa nyuki, na kila nyumba iko na pampu ya mgongoni. Nyuki anaruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula. Kumaanisha hata kama wewe ni malaika, anapita kwa mashamba ya watu hamsini kabla afike kwako.

Kwa hivyo tuanze na pampu, hapa nitakaa kidogo juu ndipo mambo yote iko.

Kwanza ile rangi iko chini ya lebo, nyekundu, njano, bluu, kijani. Watu wengi wanaamini kijani ni salama kwa kila kitu. Hapana, ile rangi inapima sumu kwako wewe binadamu ukiinywa ama ikikuingia kwa ngozi, haisemi chochote kuhusu nyuki. Dawa inaweza kuwa na rangi ya upole na bado imalize mzinga mzima. Soma yale maandishi madogo utafute jina la kiungo chenyewe, si lile jina la biashara lenye picha ya simba. Ukiona imidacloprid, thiamethoxam, clothianidin, fipronil, chlorpyrifos ama abamectin, jua hiyo ni kali kwa nyuki. Zile tatu za kwanza zilikatazwa kutumika nje shambani kwa nchi za Muungano wa Ulaya mwaka 2018, na ubaya wao ni kwamba zinapanda ndani ya mmea, zinafika mpaka kwa unga wa ua, so hata ukipiga kabla ya maua haujakwepa. Mbegu zingine zile za kupakwa rangi pia ziko na hizo.

Na usinidanganye eti unatumia ya kienyeji. Pareto inatoka hapo tu Molo na Njoro, ni ua, ni ya asili, na inaua nyuki vizuri sana ikimpata. Uzuri wake ni jua linaivunja haraka.

Ikikubidi upige dawa, piga jioni kabisa, saa kumi na mbili na nusu kuendelea, nyuki wakiwa wamerudi kwao. Asubuhi ndio watu hupenda juu kuna baridi, na asubuhi ndio nyuki yuko ndani ya ua la malenge, unampulizia akiwa mezani. Usipige mmea uliochanua. Kama maharagwe yako yamechanua na kuna vidukari kwa mistari miwili, piga hiyo miwili, ama tumia maji na sabuni kidogo, si lazima shamba lote liloe. Majani yenye maua chini ya migomba fyeka kwanza kabla upulize juu yake. Na pampu usioshee kwa mtaro wala karibu na kisima, nyuki hunywa hapo hapo kwa matope, hata maji ya suuza yanaweza kuwaua.

Halafu ongea na majirani. Mimi nilidhani watanicheka, na wawili walinicheka, lakini watatu walikubali kupiga jioni, hasa baada ya kuona malenge yenye uzi. Usiende na hotuba ya mazingira. Nenda na malenge.

Kitu cha pili ni chakula. Nyuki anahitaji maua mwaka mzima, si Aprili peke yake. Acha sukuma wiki chache zizeeke zitoe maua, dania hivyo hivyo, kunde hivyo hivyo. Panda alizeti kando ya mahindi. Kwa fensi weka kaliandra, ng'ombe atakula majani na nyuki atakula maua, na ukipata miche ya lusiola (Wajaluo wanaita siala) panda, inamea haraka na mbao yake ni nzuri. Akech usimalize, acha hata kona moja. Mimi niliacha ukanda wa mita mbili chini kwa fensi bila kufyeka, mama mkwe alipokuja akauliza kama nimekuwa mgonjwa.

Maji pia. Sahani ya plastiki, mawe ndani yatokeze juu ili wasizame, badilisha kila siku mbili ndio mbu wasizae.

Na jua ya kwamba nyuki si yule wa asali peke yake. Kuna yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, yule watu wanamfukuza na slipa, ndiye anazalisha matunda ya pasheni, yule wa asali ni mdogo hawezi kufikia vizuri. Mwekee gogo kavu kando ya pasheni zako atoboe hilo aache paa. Kuna wengine wengi wanaishi peke yao kwa mashimo ardhini, kwa hivyo acha kipande kidogo cha udongo mtupu usichimbe kila msimu. Halafu wale wadogo wasiouma, wanaojenga kwa mashimo ya miti na ukutani, watoto wanawachimbua wanalamba asali kidogo na kuacha shimo wazi siafu waingie wamalize kizazi chote. Huko kandokando ya msitu wa Kakamega watu wamefundishwa kuwafuga kwa visanduku, watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, wamefanya hiyo kazi, so si mchezo wa watoto tena.

Kundi likitua kwa mwembe wako, lile linaning'inia kama ndevu, hapo ndipo tunaharibu sana. Mtu anakuja na mafuta taa na kiberiti. Wale wamehama na wanapumzika tu wakitafuta nyumba, hawana mtoto wala asali ya kulinda, wakiachwa mara nyingi wataondoka siku hiyo ama kesho yake. Toa watoto na mbuzi karibu, usirushe mawe, piga simu kwa mtu anafuga, atakuja na sanduku na atakushukuru. Wakishaingia ndani ya dari hiyo ni stori ingine, tafuta mrina asali aje usiku na moshi. Ukichomwa, toa mwiba saa hiyo hiyo na uondoke hapo, na mtu akianza kuvimba uso ama kupumua kwa shida, hospitali mara moja, usingoje kuona.

Mzinga nimeweka mwisho makusudi, juu kila mtu anaanza nao. Mimi pia. Walikuja watu fulani wakaitisha mkutano, chai na mandazi, wakasema lipa mzinga, mwaka wa kwanza utauza asali hii pesa, mwaka wa pili hii. Ulikaa mtupu mwaka na nusu, ulikuwa unanuka rangi na mbao zake za juu, zile nyuki hujengea masega, zilikuwa na upana wa nyuki wa Ulaya. Wetu ni wadogo, ubao wa juu kwa mzinga wa Kenya ni milimita 32, ikizidi wanajenga masega kombo na hauwezi kuyatoa bila kuvunja. Pima na rula kabla ulipe.

Nilinunua mbao mpya kwa fundi, nikapaka nta iliyoyeyushwa katikati ya kila ubao, nikasugua ndani kwa mchaichai, nikautundika kwa waya kimo cha kifua, grisi kwa waya ndio siafu wasipande, chini ya kivuli, mlango ukiangalia mbali na njia na choo. Waliingia wenyewe wiki ya sita. Asali sikugusa msimu wa kwanza. Wa pili nilitoa masega manne yaliyofunikwa na nta, ya katikati yenye watoto nikaacha, na ya pembeni nikaacha mengine wale kiangazi.

Malenge msimu huu sijapaka hata moja. Nimehesabu ishirini na tatu, na mmoja wa wale majirani wawili walionicheka amekuja kuomba mbegu.