Gia inayoteleza kwenye gari la plau: pima kabla ya kushusha gia boksi

Juzi nilimsaidia jamaa hapa Minneapolis. Ana Chevrolet Silverado 1500 ya 2005, gia boksi ya otomatiki aina ya 4L60E, na plau mbele, yaani jembe la kusukuma theluji. Gia ilikuwa inateleza, yaani RPM (kasi ya injini) inapanda lakini gari halivuti, na gereji moja ilishamwambia atafute gia boksi nyingine. Nikamwambia asubiri tupime.

1. Oili ya gia boksi. Gari liwe mahali tambarare, limepata moto, injini inanguruma, gia iko P. Ikiwa imepungua, ongeza Dexron VI na utafute inakovujia. Ikinuka kuungua na imekuwa nyeusi, klachi za ndani ya gia boksi zinaungua. Ikiwa imegeuka kama maziwa ya stroberi, maji ya rejeta yameingia; usiendeshe tena. Zile chupa za dawa ya kuzuia kuteleza ziache dukani.

2. Toka kwenye theluji. Jaribu kwenye lami kavu, bila foo-wili (kuvuta kwa tairi zote nne). Tairi zikizungukia barafuni, mshale wa RPM hupanda vilevile.

3. Umeme. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, na wengi hawapagusi kabisa.

Mota ya plau inakula umeme mwingi sana kila unapoinua jembe. 4L60E nayo ikikosa umeme wa solenoidi zake (valvu za umeme zinazobadilisha gia), hujifungia gia ya tatu. Sasa hebu fikiria unasukuma theluji nzito ukiondokea gia ya tatu: injini inalia, gari halivuti, oili inachemka. Dereva ataapa kwamba gia inateleza, kumbe klachi ni nzima. Ukiendelea hivyo kwa muda, zitaungua kweli.

Chukua multimita. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ni nzuri, ila waya uliooza mara nyingi haiuoni. Injini ikiwa imewaka, betri ionyeshe volti 13.5 hadi 14.5. Mwambie mtu ainue plau huku unatazama. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikizama na ikakawia kurudi, anza na betri na alternata. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya gia boksi, plau iinuliwe tena. Ikizidi nusu volti, athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari) ni mbovu. Chumvi ya barabarani inakula athi kimyakimya, na kwa macho waya utauona mzima tu, kwa hiyo fungua bolti, piga brashi mpaka chuma king'ae. Kagua pia fyuzi ya gia boksi, hasa kama aliyefunga plau alichota umeme mahali pasipofaa.

4. Endesha. RPM ikiruka wakati wa kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, huku ya kwanza, ya pili na rivasi zikishika vizuri, klachi ya 3-4 (ya gia ya tatu na ya nne) imekwisha. Ndio ugonjwa wa 4L60E. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, gusa breki kidogo tu: RPM ikipanda kiasi, hiyo ni klachi ya toko konvata (kiungo cha injini na gia boksi) imeachia, ni kawaida.

5. Sampo, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi. Lifungue. Tope jeusi kidogo kwenye sumaku lisikutishe. Ukikuta vipande vya klachi au vya chuma, hapo sasa shusha gia boksi. Wakati wa kurudisha nyingine, badilisha na kipozea cha oili, maana uchafu wa zamani umebaki humo. Weka kikubwa zaidi, kwa sababu plau ikiinuliwa inaziba upepo wa rejeta. Na dereva asimame kabisa kabla ya kutoka R kwenda D.